Alijibu "Sijambo", Wakamnyima Pensheni ya Ulemavu

Assalaam alaykum Bi Mkubwa,

Shikamoo. Mimi ni mwanamke wa miaka 42, naishi Pemba, upande wa Wete. Barua hii naiandika usiku, mume wangu kalala, wala hajui kama nakuandikia. Akijua atanuna, maana ni mtu asiyependa ya nyumbani yatoke nje.

Mume wangu ana miaka 49. Kwa miaka 17 alikuwa dereva wa lori huko Unguja, ameajiriwa rasmi na anakatwa michango ya hifadhi ya jamii kila mwezi. Mimi na watoto tulibaki Pemba, yeye akija mwisho wa mwezi na siku za sikukuu. Mwaka juzi kiuno kilianza kumsumbua. Tukamkanda kwa mafuta ya makonyo ya karafuu, tukadhani ni uchovu wa safari. Baadaye maumivu yakateremka mguuni. Alipopigwa MRI akaambiwa pingili za kiuno zinabana neva, akapelekwa bara akafanyiwa operesheni. Maumivu yalipungua, lakini mguu wa kulia haukurudi. Unyayo hauinuki. Akitembea unaburura, na kandambili ya kulia humtoka njiani bila mwenyewe kujua. Mara ngapi nimemuona mtoto akimkimbilia nyuma, kandambili mkononi, "Baba, umeiacha hii."

Kazini walimvumilia, wakamweka getini miezi mitatu, halafu wakamwachisha kwa sababu ya ugonjwa. Akaomba pensheni ya ulemavu kwenye mfuko wake. Akaitwa Unguja kwenye jopo la madaktari. Siku moja kabla tulipanda boti bandari ya Mkoani, tukalala kwa dada yake Ng'ambo, mjini Unguja. Asubuhi akameza dawa yake ya maumivu ili aweze kukaa foleni. Nikampigia pasi shati na suruali, nikamvisha soksi na viatu, nikamfungia na kamba za viatu, maana yeye mkono haufiki. Nikaambiwa nisubiri nje. Hazikutimia dakika kumi akatoka. Namuuliza, wamekuuliza nini? Akanambia: "Wameniuliza hujambo, nikawaambia sijambo, alhamdulillahi. Wameniuliza natembea, nikasema natembea. Wameniuliza kama najihudumia, nikasema naam."

Barua ya jibu ilipelekwa anuani ya zamani ya Unguja. Mpaka shemeji alipoipata na kutuletea, siku 19 zilikuwa zimeshapita tangu tarehe iliyoandikwa juu. Inasema mwanachama "alifika akitembea mwenyewe, yuko nadhifu, na alieleza kuwa hali yake ni nzuri", kwamba "hajapoteza uwezo wa kujipatia kipato kwa kiwango kinachotakiwa", na kwamba anaweza kufanya "kazi nyepesi". Chini kabisa wameandika kuwa asiyeridhika anaweza kukata rufaa ndani ya siku 30 tangu tarehe ya barua.

Kwa sasa tunaishi kwa maandazi ninayokaanga alfajiri na pencheni jamii ya mama mkwe, shilingi 50,000 kwa mwezi. Tuna watoto wanne, wote wako skuli.

Nataka kujua mambo matatu. Kwanza, je, inafaa kukata rufaa, au ni kujitafutia uadui na wakubwa? Mume wangu anasema tumwachie Mungu. Pili, kuna mtu hapa mtaani anasema anawajua wenyewe kule ofisini, tumpe 150,000 atufuatilie. Tatu, jirani yangu ananishauri safari ijayo nimpeleke kwa kiti cha magurudumu, nikaazime hospitali. Nisaidie Bi Mkubwa, nimechanganyikiwa.

Mke wa dereva, Wete

*

Wa alaykum salaam mwanangu, marahaba.

Barua yako ilinifikia zikiwa zimebaki siku chache za rufaa, ndiyo maana nilikupigia simu kabla ya kukaa na kalamu. Mengi ya hapa umeshayasikia. Nayaandika kwa ajili ya wengine, na kwa kuwa umenambia mumeo ameshajua, amenuna siku moja, na ameridhia yachapishwe bila jina. Mfuko hukuutaja, na mimi sitautaja. Wafanyakazi wengi hapa kwetu wako ZSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii wa Zanzibar, walioajiriwa na taasisi za Muungano wana mifuko ya bara, na nitakayosema yanafaa pote.

La tarehe ndilo la mwanzo. Watu wengi hukosa haki yao wakisubiri rufaa iwe nzuri. Wanamtafuta mwanasheria, wanamsubiri daktari arudi likizo, wanangoja boti ipungue nauli, na siku 30 zinakwisha wakiwa na bahasha nzuri isiyopokelewa. Tia kwanza barua fupi ya kuzuia muda. Ukurasa mmoja unatosha: jina lake kamili kama lilivyo kwenye kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, namba ya uanachama, tarehe na kumbukumbu namba ya barua waliyomwandikia, kisha maneno haya: "Sikuridhika na uamuzi huo na nakata rufaa. Maelezo kamili na ushahidi wa daktari nitauwasilisha. Naomba nipatiwe nakala ya taarifa ya jopo la madaktari iliyotumika kufanya uamuzi." Asaini yeye. Wewe unaweza kuandika na kuipeleka, lakini mwenye haki ni yeye na saini iwe yake, na awe amekuandikia kijibarua cha kukuruhusu umwakilishe.

Mwandike pia kuwa barua yao ilichelewa kuwafikia na kwa nini, na shemeji yako aandike mistari miwili aeleze siku aliyoipokea. Msilitegemee hilo. Liwe akiba tu.

Na hapa nitasema kama mtu aliyekaa masjala miaka mingi akipokea barua na kufungua majalada: usiondoke dirishani bila nakala yako kugongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe. Nimewaona watu wazima wakilia mbele yangu, "Nilileta, nilimpa kijana mmoja mweupe mweupe." Kijana kahamishwa, barua haimo jaladani, na mimi siwezi kuandika kitu nisichokiona. Peleka nakala mbili, moja iache, moja rudi nayo. Uliza ofisi ya mfuko iliyo huku huku Pemba kama inapokea, uokoe nauli ya boti. Wakikwambia mpaka Unguja, muombe akwambie jina la ofisa na chumba, uandike mbele yake.

Baada ya hapo ndipo tunakuja kwenye maradhi yenyewe, na maradhi ya jalada hili ni neno moja: sijambo.

Mwanangu, mimi na wewe tumelelewa sawa. Mtu akiulizwa hujambo, hata akiwa na homa ya kutikisa kitanda, anajibu sijambo, alhamdulillahi. Hajibu kwa sababu ni mzima. Anajibu kwa sababu ni muungwana na anamshukuru Mola wake. Yule daktari pia ni Mswahili na analijua hilo, lakini kalamu yake haijui. Kalamu iliandika kilichosemwa. Akija ofisa wa rufaa, yeye hamuoni mumeo. Anaona karatasi, na karatasi inasema mtu aliingia kwa miguu yake, nguo safi, anasema hali ni nzuri. Mimi nisingemjua mumeo, ningeipigia muhuri karatasi hiyo bila wasiwasi.

Lile shati ulilolipiga pasi lilimuumiza. Zile kamba ulizozifunga zilimuumiza zaidi, maana daktari aliona viatu vimefungwa vizuri na hakujua vimefungwa na nani. Na ile dawa ya asubuhi ikamalizia. Sikulaumu hata kidogo. Mke mwema ndivyo anavyomtoa mumewe nyumbani. Lakini lazima uelewe kilichotokea chumbani mle, kwa sababu rufaa yenu yote ni kukirekebisha hicho.

Nilipokupigia nilikuuliza swali ambalo nadhani ulilishangaa: anaswali vipi? Ukanyamaza kidogo, halafu ukanambia anaswali kwenye kiti, safu ya nyuma, tangu kabla ya Ramadhani iliyopita. Kusujudu hawezi. Akiinama kurukuu kiuno kinakamata na anahitaji mtu wa kumnyanyua. Kutia udhu, mguu wa kulia anaoshewa na mwanawe wa kiume. Na msikiti ni ule ule aliokuwa akiuendea kwa miguu akiwa likizo, sasa anapelekwa kwa boda, na siku za mvua haendi.

Dakika tatu, na ukanipa ambacho hakimo kwenye barua yako wala kwenye fomu yake. Angalia dini ilivyo na hekima katika jambo hili. Haimuulizi mgonjwa anaumwa na nini, wala haitaki jina la neva. Inamuuliza unaweza nini: swali umesimama, usipoweza umekaa, usipoweza kwa ubavu. Basi na pensheni ya ulemavu ni hivyo hivyo. Wenyewe wamekuandikia: "uwezo wa kujipatia kipato". Hawabishani na ninyi kama kiuno kinauma. Hata picha ya MRI wanaikubali. Wanabishana kuhusu kinachowezekana na kisichowezekana, na hapo ndipo mumeo alipokaa kimya.

Kwa hiyo nunua daftari la skuli, lile la kurasa 40. Kwa siku saba andika, wewe au mtoto mwenye hati nzuri, siku inavyokwenda. Usiandike "anateseka sana", neno hilo halina kipimo. Andika hivi:

"Jumamosi. Ameamka saa kumi na moja, kukaa kitandani kumechukua robo saa. Choo chetu ni cha kuchutama, ameshika kamba niliyofunga kwenye boriti. Nimemvisha suruali. Saa mbili ameketi barazani, saa mbili u nusu ameomba alazwe. Ametembea mpaka duka la jirani, nyumba tano, amepumzika mara mbili, kandambili imemtoka mara moja. Jioni amekunywa dawa, amelala, hakula na wenzake."

Na siku iliyokuwa nzuri nayo iandike kama ilivyokuwa. Mtu mwenye siku saba mbaya zinazofanana haaminiki, na kwa maradhi ya mgongo siku hazifanani. Atakayesoma anataka kujua: katika siku hizo saba, ngapi mwajiri angemtegemea afike kazini?

Sasa hiyo "kazi nyepesi". Katika barua yako nzima kuna mstari mmoja uliouandika kwa kupita, na ndio wenye nguvu kuliko yote: waliwahi kumweka getini miezi mitatu. Mwanangu, kazi nyepesi kuliko kukaa getini ni ipi? Alijaribiwa, na akashindwa. Uliponambia kwa simu kuwa alikuwa hawezi kukaa nusu saa bila kusimama, na akisimama hawezi kumaliza nusu saa nyingine kwa miguu, na kwamba mara mbili aliachiwa boriti la geti na mguu ukachelewa kuondoka, nilitamani nirudi kwenye meza yangu ya zamani. Hayo yapo kwenye karatasi? Hayapo. Muandikieni mwajiri kwa adabu atoe barua ya utumishi inayoeleza vitu vinne: alikuwa na kazi gani na ilitaka nini, lini alihamishiwa getini, kwa nini aliondolewa getini, na kama ilikuwepo kazi nyingine ya kumpa. Mwajiri aliyemvumilia miezi mitatu sidhani kama atakataa.

Ongezeni na ukweli kuhusu elimu na ujuzi wake. Aliishia kidato cha pili na maisha yake yote ya kazi yako kwenye usukani. Ukimwambia mtu kama huyo akafanye kazi nyepesi ya ofisini, umemwambia akafanye kazi isiyokuwepo. Na usukani haurudi. Breki iko mguu wa kulia. Mguu usiohisi hautafuti breki ya lori barabara ya Mkoani kwenda Chake Chake, ile yenye milima na kona, kama mtu anayetafuta kandambili gizani. Daktari aseme wazi kama ni salama kwa mtu huyu kuendesha gari la abiria au mizigo. Jibu la swali hilo moja linabeba mzigo mkubwa.

Kwa daktari mwende na maswali, msiende kuomba "cheti". Cheti atawapa kile kile, mistari mitatu na jina la maradhi kwa Kilatini. Ninyi mnataka barua. Neva zinazotoka kwenye pingili za chini za kiuno, hasa ya nne na ya tano, ndizo zinazoinua unyayo na vidole. Zikikandamizwa muda mrefu, operesheni inaweza kuondoa maumivu na bado nguvu isirudi. Hilo ndilo lililompata mumeo, na mtu asiye daktari akisikia "operesheni imefaulu" anadhani amepona. Muombeni daktari aandike: nguvu ya unyayo wa kulia ikoje leo, anaweza kutembea kwa visigino au hawezi, anahisi wapi na hahisi wapi, miezi mingapi imepita tangu operesheni, na je, anatarajia nguvu irudi au hali ni ya kudumu. Neno "kudumu" likiwemo na sababu yake, umefika nusu ya njia. Ile karatasi ya kuruhusiwa kutoka hospitali kule bara itafuteni kama mnavyotafuta dhahabu, na msitoe halisi. Nakala tu.

Watu wetu hukimbilia barua ya sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa. Ichukueni, haidhuru, inathibitisha mkaazi ni nani na anaishi na nani. Lakini sheha hapimi neva, na naona watu huithamini barua hiyo kuliko inavyostahili. Maneno ya imamu au jirani anayemuona akiswali kwenye kiti yana uzito zaidi, kwa sababu yeye anasema alichokiona kwa macho kila siku.

Sasa maswali yako.

La kujitafutia uadui: hakuna. Haki ya kusikilizwa na kukata rufaa si ukaidi. Imo ndani ya Katiba ya Zanzibar ya 1984, kifungu cha 12, na wao wenyewe wameiandika chini ya barua yao. Ofisa aliyezoea kazi haoni rufaa kama matusi. Kinachomkera ni barua ya kurasa nane yenye laana na isiyo na namba ya uanachama.

La kumwachia Mungu: mwambie mumeo huyo wa heshima kwamba nabii Ayyub ni mfano wa subira, na ni yeye aliyemwambia Mola wake kuwa dhara imemgusa. Alilisema. Kusema ulivyo si kukosa shukrani. Tena hii si sadaka. Ni michango iliyokatwa kwenye mshahara wake miaka 17, akiwa anaamka usiku kupakia mchanga. Nafikiri kinachomuuma si ofisi. Ni kulisema kwa mdomo wake kwamba mkewe anamfunga viatu. Basi asilazimishwe kulisema mbele ya watu. Aliandike, au uliandike wewe na yeye atie saini. Karatasi haina haya.

Yule wa 150,000 ni kishoka. Kama anawajua kweli, anakuuzia rushwa, na ukiinunua umeiweka pensheni ya mumeo rehani kwa mtu wa mtaani. Kama hawajui, umenunua upepo, na ndilo linalotokea mara nyingi. Kupokea rufaa hakuna ada ya mtu mfukoni. Akikusumbua tena, ZAECA, mamlaka ya kuzuia rushwa Zanzibar, wapo Pemba kama walivyo Unguja.

Kiti cha magurudumu, hapana. Namuelewa jirani yako, ameona ukweli haukutosha. Lakini jalada linasema siku ile aliingia akitembea. Akija kwa kiti cha kuazima bila karatasi ya daktari, watauliza kimetoka wapi, na kuanzia hapo hata lile la kweli la kandambili hawataliamini. Mumeo anatembea. Anatembea vibaya, kwa umbali mfupi, na kwa hatari ya kuanguka. Hivyo hivyo kunatosha, ikiwa kumeelezwa.

Kuna jambo hukuuliza na nalitaja kwa sababu watu hulichanganya. Pensheni ya ulemavu ya mfuko ni kitu kimoja, fidia ya kuumia kazini ni kingine. Zanzibar ina sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 1986. Kama kiuno chake kilianza kwa tukio la kazini, siku fulani, akibeba au akipinduka na gari, hilo ni dai la pili na lina muda wake, kaulizeni Kamisheni ya Kazi. Ulinambia kilianza polepole, kwa hiyo sikutii tamaa. Na pencheni jamii ya mama mkwe wala isiguswe kwenye maelezo yenu ya kipato kama vile ni yake. Ile imeanza 2016 kwa wazee wa miaka 70 na kuendelea, ni ya bibi mwenyewe.

Mkitaka mtu wa kuwasomea rufaa kabla ya kuitia, nendeni Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar. Kipo tangu 1992 na kina ofisi Chake Chake. Msaada wa kisheria kwa wasio na uwezo una sheria yake hapa Zanzibar tangu 2018, na kwenye shehia nyingi kuna wasaidizi wa sheria ambao hawadai malipo. Umoja wa Watu Wenye Ulemavu nao una watu waliopita njia hii kwa miguu yao, au kwa magongo yao. Ikiwa rufaa nayo itakataliwa, usiende mahkamani kwa hasira siku ile ile. Beba barua zote mbili ukaulize Chake kwanza, maana mara nyingine kinachotakiwa ni kupimwa upya na daktari wa neva.

Inawezekana wakamuita tena mbele ya jopo. Omba kwa maandishi, mapema, kwamba uingie naye. Wakikataa, aende na karatasi yake mkononi na asome kutoka hapo. Akiulizwa hujambo, amjibu daktari salamu yake, halafu aseme, "Hiyo ni salamu, daktari. Hali yangu nimeiandika." Akiulizwa anatembea, aseme kutoka wapi mpaka wapi. Akiulizwa anajihudumia, aseme nani anamvisha. Dawa aimeze kama siku zote, asijitese ili aonekane anaumwa, ila aseme ameimeza saa ngapi na kwamba bila hiyo asingefika.

Na viatu vya kamba viacheni nyumbani. Aende na zile kandambili zake, na ya kulia ikimtoka mlangoni, usikimbilie kumvisha.